Siku Niliyopanda Lori la Matanga Kwenda Kutetea Tasnifu

Watu wakiniuliza kwa nini sikumaliza ile shahada ya pili, huwa nawaambia kwamba serikali mbili hazikuelewana. Ni jibu zuri, lina uzito, na mtu akilisikia anatikisa kichwa na kunionea huruma. Tatizo ni kwamba serikali hizo zilielewana vizuri sana, na asiyeelewana na mtu yeyote siku hiyo nilikuwa mimi. Sasa nimeamua kusema mambo yalivyokuwa, maana mke wangu ameanza kuisimulia habari hii kwenye harusi za watu na anaisimulia vibaya, eti nililia juu ya jeneza. Sikulia juu ya jeneza. Nilichofanya ni kibaya kuliko hicho.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati. Mimi ni mpima ardhi, kwa hiyo kazi yangu (chekeni sasa hivi mmalize) ni kuwaonyesha watu mpaka uko wapi. Nilikuwa nimepanga nyumba Busia, nyuma ya soko, na kazi nilikuwa nimeipata ng'ambo, kwa mkandarasi aliyekuwa akitengeneza barabara upande wa Tororo. Wakati huohuo chuo kikuu kimoja cha Kampala kilikuwa kimenipokea kusomea shahada ya uzamili. Mtu wa Bukhayo, mashambani kwetu Busia, mtoto wa wakulima wa mihogo na mtama, kazi Uganda na masomo Uganda, jioni anarudi Kenya kula ugali wake! Nilitembea Busia kama mtu aliyeupata ulimwengu kwa bei ya jumla.

Sasa mgeni akitaka kufanya kazi na kusoma katika nchi ya watu, lazima aamue anaingia kwa jina gani. Kulikuwa na kibali cha kazi, ambacho mwajiri ndiye anakuombea, anaeleza kwa nini hakumpata mwananchi wa kazi hiyo, karatasi zinakwenda Kampala na kulala huko, lakini kikishatoka unaweza kuongezewa ruhusa ya kusoma juu yake, chuo kinaandika tu kwamba kinakujua. Halafu kulikuwa na pasi ya mwanafunzi, ambayo chuo ndicho kinakuombea nayo inatoka upesi, ila ukiwa nayo huruhusiwi kufanya kazi ya mshahara hata ya kufagia. (Ile pasi ya mgeni ya kugongewa muhuri getini siihesabu, hiyo ni ya kwenda kusalimia shemeji.) Meneja wetu aliniambia, "Boss, kibali tutaomba, lakini utangoja nyumbani mpaka kitoke." Kungoja nyumbani! Mimi, na masomo yanaanza! Nikachukua pasi ya mwanafunzi, meneja nikamwambia nimepata njia yangu ya kuvuka, naye hakuuliza zaidi.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu. Niliufanya nimesimama, nikila muhogo wa kuchoma.

Ila uamuzi huo ulitaka kulishwa. Chuo kilipouliza kuhusu kazi nikasema nimeacha, kwa sababu waliosoma kutwa nzima ndio waliopewa wasimamizi mapema. Kampuni ilipouliza kuhusu masomo nikasema nasoma kwa posta. Kwa hiyo Tororo nilikuwa mfanyakazi asiyeonekana darasani, Kampala nilikuwa mwanafunzi asiyeonekana kazini, na pale getini Malaba nilikuwa kijana mpole mwenye daftari kwapani. Nikaenda hivyo hadi tasnifu ikaisha. Ilihusu namna ya kupitisha maji ya mvua kando ya barabara za udongo, na naomba mniamini, ilikuwa nzuri.

Halafu siku moja ya mvua gari la kampuni likakwama, nikalazimika kuvuka na vifaa vyangu mwenyewe, nimekaa nyuma ya baiskeli ya boda boda na ile miguu mitatu ya kusimamishia chombo cha kupimia iko begani kwangu, jina la kampuni limeandikwa juu yake kwa rangi nyekundu. Afisa wa uhamiaji pale Malaba, upande wa Uganda, alikuwa mama mmoja aitwaye Madam Robina, mnene, mtaratibu, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Ssebo," akasema, yaani bwana, "mwanafunzi gani huyu anatembea na miguu mitano?"

"Ni ya masomo, Madam."

"Masomo. Na hili jina hapa la mkandarasi, ni la profesa wako?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Robina hakucheka. Akanipeleka kando, akafuta pasi yangu, akanirudishia pasipoti. Nilidhani ananipeleka mahabusu, kumbe ananiuliza tu, "Unasoma au unafanya kazi?"

"Vyote viwili."

"Sasa mbona ulisema kimoja? Sisi hatujakataa ufanye vyote. Tumekataa utudanganye." Kisha akanieleza polepole kama mama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Nirudi nyumbani, kampuni iombe kibali, chuo kiandike barua ya kuongeza masomo juu ya kibali hicho. "Na mtihani wako wa mwisho ukifika kabla ya kibali," akasema, "njoo na barua ya chuo inayoeleza ukweli wote, nitakupa pasi maalum ya siku chache. Lakini ukweli wote, ssebo. Usije hapa na nusu."

Ni nani kati yenu angeikataa bahati hiyo? Mimi niliikataa. Barua ya ukweli wote ingekiambia chuo kwamba sikuacha kazi, na ingeiambia kampuni kwamba zile Ijumaa nilizosema nina malaria nilikuwa Kampala. Nilimwambia meneja kwamba mpaka umekuwa mgumu, na hapo tu ndipo naye akaanza kuniombea kibali. Chuo sikukiambia chochote. Barua ya tarehe ya kutetea tasnifu ilipokuja, kibali kilikuwa bado kimelala Kampala, na mimi nilikuwa sina pasi yoyote. Mtahini wa nje alikuwa anasafiri kutoka nchi ya mbali, atakaa siku hiyo moja na kuondoka. Nikikosa alasiri ile, nimekosa.

Basi asubuhi nikavaa suti yangu nyeusi, ile ya harusi, nikatia tasnifu kwenye mkoba, nikaondoka Busia kwenda Malaba. (Geti la Busia sikuthubutu. Pale ni nyumbani, na hata wauza ndizi walijua nimefutiwa pasi, na mmoja alikuwa akiniita Miguu Mitano.) Mke wangu aliniuliza mlangoni, "Utavukaje?" Nikamwambia nimeshapanga. Nilikuwa sijapanga. Nilitegemea kwamba Robina hatakuwa zamu na kwamba aliye zamu atakuwa na usingizi, anigongee ile pasi ya kusalimia shemeji.

Nilipofika Malaba nikamwuliza mwendesha boda boda mmoja nani yuko dirishani ng'ambo. "Ni Madam Robina," akasema. "Leo ako na hasira ya baridi." Nikafikiria kupita kwa chini, mtoni, wanakobebwa watu mgongoni, lakini mto ulikuwa umefura kwa mvua, na sikuweza kujiona mbele ya mtahini wa nje nikiwa nanuka matope, nikieleza jinsi ya kuondoa maji barabarani. Nikasimama hapo kando ya malori ya mizigo, foleni ndefu isiyokwenda mbele wala nyuma.

Hapo ndipo nikasikia wimbo.

Ni lazima niwaeleze kitu ambacho mtu wa mpakani hahitaji kuelezwa. Kwetu ukoo mmoja unalala nchi mbili. Mtu anafia huku na kaburi la baba yake liko kule. Kwa hiyo matanga yakipita, yakiwa na matawi mabichi yamefungwa mbele ya gari na akina mama wanaimba, askari anavua kofia na kizuizi kinapanda. Maiti ina karatasi zake, zinashughulikiwa na mtu mmoja wa ukoo. Waombolezaji hawaulizwi kitu. Nani atamwuliza mtu anayelia, pasipoti yako iko wapi?

Kando ya vibanda palikuwa na pikapu lenye jeneza, namba zake za Uganda, na nyuma yake lori lililojaa watu, namba zake pia za Uganda. Akina mama wamevaa gomesi, yale magauni marefu ya Uganda yenye mabega yaliyochongoka, wanaimba Kiteso. Na yote mawili, pikapu na lori, yalikuwa yameelekeza pua zao geti la Uganda. Mpima ardhi akatazama, akapiga hesabu, akapata jibu. Nikavunja tawi la mti, nikainamisha kichwa, nikapanda lori.

Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mama mmoja aliyevaa gomesi ya kijani akajisogeza, akasema, "Kaa hapa mzee, suti itachafuka." Nikakaa. Nikaimba hata, kwa maneno nisiyoyajua, nikifungua mdomo pale wengine wanapofungua. Lori likaanza kusogea. Kizuizi hicho nakiona, bendera ya ng'ambo naiona, askari naye kweli ameshavua kofia yake, na moyoni nikaanza kumsalimia mtahini wa nje kwa Kiingereza.

Lori likakata kona kushoto.

Kumbe maiti ilikuwa imeshavuka! Ilitoka Uganda alfajiri, na dereva aligeuza pua tu ili kuyakwepa yale malori ya mizigo na kuingia kijibarabara cha udongo kinachoanzia karibu na geti. Matanga yalikuwa yanakwenda vijijini, hukuhuku Kenya, na mimi nimo ndani yake na tawi mkononi.

Nikainuka nikapiga ubao wa lori kwa kiganja. "Simama! Simama jamani!" Kilio kikapanda mara mbili. Mama wa gomesi ya kijani akanikumbatia kiunoni. "Jikaze mzee! Jikaze, Mungu anajua!" Mwingine kutoka nyuma akasema, "Muache alie, kulia ni dawa." Nikapiga tena, wakaniketisha kwa nguvu. Lori lilikuwa linateleza kwenye tope kwa kasi ya kutisha, na kuruka chini na suti ya harusi nilishindwa. Nikaona bora niulize kwa utaratibu.

"Mama, kwani tunazika wapi?"

Akaniangalia. "Si kwake? Wewe hujui kwake?" Kisha macho yake yakafunguka. "Aaah! Wewe ndio mtu ya ofisi! Ile kampuni yake ya Uganda!"

Ningesema hapana. Neno fupi tu. Lakini kusema hapana kungeleta swali la pili, kwamba basi wewe ni nani na unalia nini humu, na mimi tangu zamani nilikuwa nimezoea kulikwepa swali la pili. Nikasema, "Natoka huko huko." (Angalieni jinsi jibu hilo lilivyo safi. Nilijivunia kwa dakika nzima.)

"Jamani!" akapaza sauti mpaka mbele ya lori. "Mtu ya ofisi amekuja! Amelia karibu aanguke!"

Tulipofika nyumbani kwa marehemu habari zilikuwa zimetangulia, sijui kwa njia gani. Nikaondolewa kwenye umati, nikaketishwa mbele kabisa chini ya turubai, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, na soda ikafunguliwa mbele yangu. Nilimtafuta mtu wa kumnong'oneza ukweli, na kila niliyemsogelea alinishika mikono yote miwili akasema asante. Nikaanza kuokota habari kidogo kidogo. Marehemu aliitwa Silvesta. Alikuwa fundi wa umeme kwenye kampuni moja ya ujenzi huko Uganda, na jioni alikuwa akisomea diploma. Alianguka kutoka kwenye nguzo.

Kaka yake mkubwa, Mzee Okisai, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, akaja akachuchumaa kando ya kiti changu.

"Boss, tunashukuru umefika. Wengine walisema ofisi haitatuma mtu." Akakohoa. "Sasa, ile mambo ya haki zake. Mjane ako na watoto. Kuna habari?"

Ndugu zangu, nimefikiria sana jibu nililotoa, kwa miaka mingi, nikiwa naoga, nikiwa kanisani. Nilikuwa nataka tu aondoke. Nilikuwa natazama jua, nikihesabu kama nikipata baiskeli sasa hivi naweza bado kufika Kampala. Nikasema lile neno ambalo watu wa ofisi wamelitumia tangu ofisi zianze.

"Mambo yatashughulikiwa."

Mzee Okisai akasimama kama mtu aliyetuliwa gunia. Akaenda moja kwa moja kwa mjane, mama kijana mwembamba aliyekaa karibu na jeneza na miguu yake imenyooshwa mbele. Akamwinamia, akamwambia. Mama yule akainua uso akanitafuta kwa macho, akaniona, akafunga mikono yake kifuani akaniinamia kichwa. Bila tabasamu. Aliinama tu, kama mtu aliyefikishiwa kitu alichokuwa amekingoja.

Hapo bado ningeweza kuinuka. Badala yake mshereheshaji akachukua kipaza sauti: "Sasa tutasikia neno kutoka kwa mwakilishi wa kampuni, ambaye ametuambia hapa kwamba haki za marehemu zote zitalipwa!" Vigelegele. Kwenye mazishi! Nikasimama kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama, nikasema marehemu alikuwa mtu wa bidii. Wakasema eeeh. Nikasema alikuwa hachoki, mchana kazi, jioni masomo. Wakasema eeeh, kweli, huyo ndiye Silvesta. Nikajua ninajisema mimi mwenyewe, na sauti ikanikatika, wakadhani ni uchungu, mama wa gomesi ya kijani akasema kwa sauti, "Huyu alimpenda sana."

Bado nimeshika kipaza sauti, baiskeli ya boda boda ikaingia uani. Nyuma yake amekaa kijana wa suti ya kijivu, suruali imelowa tope hadi magotini, bahasha mkononi. Akashuka, akajipangusa, akauliza kwa heshima nani msemaji wa familia.

"Wewe ni nani?" akauliza Mzee Okisai.

"Natoka kampuni, mzee. Ile alikuwa anafanya kazi marehemu."

Uwanja mzima ukageuka ukanitazama, kisha ukamtazama yeye, kisha mimi tena, kama watu wanaotazama mpira. Mshereheshaji akajaribu kuokoa jahazi: "Labda wametumwa wawili?"

Kijana wa watu akasema mimi hanijui. Akasema pia, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu aliyetumwa kusema jambo asilolipenda, kwamba kampuni inatoa pole, imelipia jeneza na gari, na bahasha hii ni ya rambirambi. Kuhusu haki nyingine, hakuna. "Marehemu hakuwa na kibali cha kazi. Alikuwa Uganda na pasi ya mwanafunzi. Kwa karatasi zetu hajawahi kuandikwa."

"Lakini alifanya kazi kwenu miaka!" akasema Mzee Okisai. "Alianguka kwa nguzo yenu!"

"Najua, mzee. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa chai na yeye. Lakini mwanafunzi hana kiinua mgongo."

Pasi ileile. Njia ileile niliyoichagua nikila muhogo, nikacheka peke yangu kwa ujanja wangu. Huyu mtu aliyelala ndani ya sanduku alikuwa ameichagua pia, pengine naye aliambiwa angoje nyumbani akaona kungoja ni hasara.

"Na wewe?" Mzee Okisai alinigeukia. "Wewe ulituambia mambo yatashughulikiwa. Wewe ni nani?"

Nikasema. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu na hakuna aliyekumbuka kukizima, kwa hiyo Malaba yote upande ule ilisikia kwamba mimi ni mpima ardhi wa Busia, kwamba nilikuwa nakwenda Kampala kutetea tasnifu, kwamba sina pasi, na kwamba nilipanda lori nikidhani linavuka. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye tofali walipasuka kicheko. Mmoja akasema, "Sasa atatetea huku! Prof, tutetee!" Kicheko kikaenda, kikafika kwa wazee, kikafa.

Mzee mmoja kipofu akauliza, "Mnasema huyu alitumia maiti yetu kama pasi?"

Mama wa gomesi ya kijani alinitazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula alichokwisha kukimeza. "Na mimi nilikushika kiuno," akasema.

Nikaweka kipaza sauti mezani. Niliomba msamaha, sijui kama ulisikika. Njia ya kutoka ilipita karibu na jeneza, na karibu na jeneza alikuwa amekaa mjane. Nikasimama mbele yake. Yeye ndiye aliyetangulia kusema.

"Na wewe uko na hiyo karatasi ya kazi?"

"Sina, mama."

"Uko na bibi?"

"Niko naye."

Akatikisa kichwa, akageuza uso wake kwa jeneza. Nasema ukweli, kama angenitukana ningelala vizuri zaidi miaka hii yote.

Nikatembea kurudi Malaba kwa miguu, maana waendesha boda boda walikuwa wamesikia kipaza sauti na kila niliyemsimamisha alitaka nimwambie kwanza nani amekufa. Posta ilikuwa bado wazi. Nikaingia kibanda cha simu, nikapiga chuoni, akapokea karani wa idara, mama mmoja mwenye sauti laini ambaye alinijua kwa jina.

"Ssebo! Uko wapi? Wamekungoja, profesa amewaomba wangoje tena, sasa yule mgeni amekwenda uwanja wa ndege."

"Niko Malaba, Madam. Upande wa Kenya."

Pengine alisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa, au alisikia nikivuta pumzi, kwa sababu sauti yake ilishuka. "Banange, jamani. Umefiwa?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Kama umefiwa si kosa lako," akasema. "Nitaandika tu kwamba ulikuwa matangani. Sheria iko, wanakupa tarehe nyingine, hata mtahini watamtafuta mwingine. Niandike?"

Fikirieni. Nilikuwa matangani kweli. Suti nyeusi nimeivaa, tope la matangani liko kwenye viatu, watu mia wangeweza kuapa kwamba walinisikia nikimlilia marehemu. Lilikuwa jibu safi kuliko yote niliyowahi kutoa, na lingeniletea tarehe mpya, na shahada, na leo ningekuwa naitwa majina mengine. Tayari nilikuwa nimefungua mdomo.

"Hapana, Madam," nikasema. "Sijafiwa."

"Kwa hiyo niandike nini?"

"Andika sikuja."

Akaandika sikuja. Idara ikasema mwanafunzi aliyekosa bila sababu angoje mzunguko unaofuata, na mzunguko ulipofika muda wangu wa masomo ulikuwa umekwisha, nianze upya, nami nilikuwa na watoto wawili na sikuanza. Kibali cha kazi kilitoka, na kinachoniudhi ni kwamba hakikuchelewa hata, kilitoka kabla mahindi ya mvua ile hayajakauka. Meneja alinipa huku akisema, "Si nilikuambia ungoje?" Robina alikipiga muhuri akaniuliza masomo yameishia wapi. Nilimwambia yote. Akasema, "Sasa ndio unaongea," lakini alisema kwa huzuni.

Toka hapo nimeapa, na kiapo hiki nimekitunza kuliko cha ndoa (mke wangu asisome hapa), kwamba afisa yeyote wa mpaka wowote akiniuliza nimekuja kufanya nini, namwambia kazi, masomo, mgonjwa ninayemtembelea, shati ninalotarajia kununua, mpaka aniombe ninyamaze. Na siingii kwenye gari la matanga kabla sijajua nani amekufa na anazikwa wapi. Vijana wa kwetu wanaokwenda nje siku hizi wakija kuniuliza waingie kwa njia gani, kama ya shule au ya kazi, nawaambia waseme vyote na wangoje. Wengi wanaona nimezeeka.

Lakini aibu ya kuchekwa nimeizoea, naweza hata kuiuza kidogo kama hivi. Jambo moja silizoei. Baadaye nilikuja kuambiwa na wakili mmoja Tororo kwamba mtu aliyefanya kazi miaka, wenzake wakathibitisha, pengine familia yake ingesikilizwa hata bila kibali, kama angetokea mtu anayezijua hizo karatasi akawaandikia na kuwapeleka. Nilizijua. Kila wiki nilisema Jumamosi nitakwenda kwa Mzee Okisai. Nilifikiria nitakavyoingia uani, watakavyoniangalia, nani ataanza kucheka, na Jumamosi ikapita. Nilipopata nguvu ya kwenda nikaambiwa mjane alirudi kwao na watoto, hakuna aliyejua ni wapi hasa, na Mzee Okisai aliniletea kiti, akanipa chai, akaniuliza kwa upole kama mambo yangu mimi yalishughulikiwa.